Chai Isiyoonjwa

Siku ya kuagwa kwangu walinipa birika la umeme, jipya, ndani ya boksi lake. Nilishukuru kama inavyopasa. Nyumbani kwangu Rungwe Mpya umeme unakuja ukipenda, na hata kama usingekatika kabisa, mtu aliyechemsha maji kwa kuni na mkaa miaka thelathini na kitu hapewi birika linalojizima lenyewe, kana kwamba hajui maji yakichemka yanasemaje. Lakini zawadi ni zawadi. Mke wangu Perpetua ameliweka juu ya kabati la vyombo na wageni wanalisifu.

Siku hiyohiyo, binti aliyerithi jiko langu, Neema, alinivuta pembeni. "Mzee Filibert, kabla hujaondoka niandikie kile unachofanyaga. Mimi naweka maji, naweka majani, lakini watu wanakunywa halafu wanasema hii siyo ya Mzee." Basi ninamwandikia yeye na wenzake wanaobaki kwenye majiko ya ofisi za serikali. Habari za vyeo sitazieleza, maana nilikuwa na kimoja tu, mhudumu wa ofisi. Nilianza nacho na nimestaafu nacho.

Kilichopanda ni jina. Kasulu na Kibondo nilijulikana kuwa mtu ambaye chai yake inanyweka bila maswali, na kwetu Uha, ambako mtu huangalia kwanza kikombe kimetoka mkononi mwa nani, hilo si jambo dogo. Najivunia, wala siombi radhi. Ila jina hilo niliwahi kulipoteza kwa asubuhi moja, kwa sufuria moja la chai, na ilinibidi nilifuate hadi Mabamba. Nitafika huko. Kwanza mjue lilipatikanaje.

Nilipoajiriwa Kasulu nilidhani nitakuwa tarishi, mtu wa kubeba mafaili na kupiga mihuri kwenye bahasha. Nilivaa viatu vya kaka yangu, vilivyokuwa vidogo kwangu, nikaripoti asubuhi mapema. Karani mkuu alinitazama, akatazama orodha yake, akanielekeza nyuma ya jengo. Huko kulikuwa na banda la mabati, moshi ukitoka kila upande, na ndani yake alikuwamo Mama Mwanahawa, mtu wa Tanga aliyeletwa huku na uhamisho wa mumewe. Alikuwa hajawahi kuletewa mwanaume. Baba yangu, majirani walipomuuliza mwanawe kapata kazi gani serikalini, alijibu kwamba anashughulika na wakubwa. Hakudanganya.

Mama Mwanahawa aliniambia nipike chai anione. Nikafanya kama tulivyofanya nyumbani: maji, majani na sukari vyote kwa pamoja ndani ya sufuria, moto mkali, vikatokota mpaka vikawa vyeusi. Nilipomaliza alichungulia ndani.

"Mwanangu," alisema, "umepika chai au umepika kisamvu?"

Akaenda kuimwaga kwenye maua ya mbele ya ofisi. Kisha akaanza upya, na mimi nikaanza kazi.

Alichonifundisha kinaweza kufanywa na mtu yeyote nyumbani kwake, hata mwenye mafiga matatu na kikombe kimoja. Majani ya chai hayapikwi. Yanamiminiwa maji yaliyochemka, yanafunikwa, yanaachwa. Ukiyatokotesha yanatoa uchungu wote yaliyonao, halafu unalazimika kuuficha kwa sukari, na ndiyo maana watu wengi wanadhani wanapenda chai kumbe wanapenda sukari. Maji yawe mapya, yaliyotekwa asubuhi hiyo, na yachemke mara moja tu. Yaliyolala kwenye birika tangu jana na kuchemshwa tena na tena yanakuwa yamechoka, na chai yake inakuwa imepoa hata ikiwa ya moto. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Onjeni mtajua.

Kabla ya kutia majani, suuza birika kwa maji ya moto na uyamwage, ili birika lipate joto. Ukimimina maji ya moto kwenye birika la baridi, joto linaliwa na bati kabla halijayafikia majani. Kijiko kimoja cha chai, kisichoinuka kilima, kwa kikombe kimoja, na kama birika ni kubwa punguza kidogo, maana majani yakiwa mengi pamoja yanasaidiana. Zungushia kitambaa kizito. Halafu subiri.

Kusubiri ndiko kunakowashinda vijana. Jikoni hatukuwa na saa. Mama Mwanahawa alikuwa na dua zake alizozisoma midomo ikicheza, na alipofika mwisho chai ilikuwa tayari. Mimi Mkatoliki nikaweka kumi moja la rozari, Salamu Maria kumi bila kukimbia. Yeye alikuwa na zake, mimi na zangu, na chai ikatoka ileile. Baadaye aligundua kwamba huku kwetu dua zake hazitoshi, inabidi aongeze.

"Maji ya kwenu yana haraka," aliniambia. "Yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa."

Nilicheka, lakini miaka mingi baadaye mwalimu mmoja wa chuo cha ualimu alinieleza kwamba ni kweli kabisa, nchi ya juu maji huchemka yakiwa na joto pungufu kuliko pwani. Kwa hiyo Neema, ukisoma kwenye simu yako kwamba chai iachwe dakika tatu, aliyeandika hakuwa Kasulu. Mimi huongeza Salamu Maria tatu, na majani yakiwa makubwa naongeza tano. Zikiisha, chuja chai yote uihamishie kwenye birika la pili au chupa ya chai. Usiache majani yakae ndani huku ukimimina kikombe kimojakimoja. Mgeni wa kwanza atakunywa chai na wa mwisho atakunywa dawa ya malaria. Maziwa yachemshwe peke yake, sukari iwe mezani, kila mtu ajihukumu mwenyewe.

Kuhusu vile vipakiti vyenye uzi sitasema mengi. Ndani yake mna vumbi lililobaki baada ya majani kwenda kwa wenye bahati.

Makosa nilifanya. Mwezi wangu wa pili nilihifadhi majani kwenye kabati moja na dagaa wa Kigoma niliokuwa nimenunua kwa ajili ya nyumbani. Majani ya chai yanavuta harufu kuliko mbwa. Asubuhi ile wakubwa walikunywa chai yenye ziwa zima ndani yake, na mmoja aliyetoka Dodoma akaniuliza kwa upole kama ni aina mpya. Tangu hapo majani yangu yanakaa kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, mbali na sabuni, vitunguu, mafuta ya taa na kitu chochote kilichowahi kuogelea.

Sasa nije kwenye kuonja. Hilo sikulipata kwa Mama Mwanahawa, nilikwenda nalo. Kwetu, chungu cha pombe kikiletwa mbele ya wageni, mwenye nyumba ndiye anayevuta kwanza. Anakunywa wanamwona, anameza wanamwona, ndipo anawakaribisha. Anawaambia bila maneno kwamba kilichomo humu kama ni kibaya kitaanza na mimi. Baba yangu alifanya hivyo hata kwa maziwa. Nilipoanza kupeleka chai kwenye vikao niliona ni jambo la kawaida kabisa kuwa na kikombe changu kidogo cha bati kwenye sinia, kumimina kidogo, kunywa mbele yao, kisha kuwahudumia. Ofisi ni nyumba, wakubwa wanakuja na kuhamishwa, na mtu aliyekuwa mwenyeji humo kila siku alikuwa mimi.

Mama Mwanahawa aliposikia aliitikia kwa kichwa. "Endelea, mwanangu. Mpishi asiyeonja hana ushahidi."

Na ni kweli, heshima ile ilikuwa pia shule. Mtu anayekunywa chai yake mbele ya watu wazima kumi, wote wakimtazama uso, hawezi kupika hovyo. Ikiwa kali unajua. Ikiwa imeshika moshi unajua, tena unajua mapema, wakati bado unaweza kusema "samahani, nairudisha". Niliwahi kuirudisha mara nne katika miaka yangu ya Kasulu. Watu waliniheshimu zaidi kwa hizo nne kuliko kwa zote walizokunywa.

Nilipohamishiwa Kibondo jina lilinitangulia. Wazee waliokuja kwenye vikao kutoka vijijini, ambao ofisi nyingine waliacha vikombe vimejaa kwa adabu, kwangu walikunywa na kuongeza. Jumapili nilipika chai ya baada ya misa kwa kujitolea. Miaka ikaenda hivyo, wakubwa wakabadilika, na kila aliyekuja alizoea kikombe changu cha bati ndani ya wiki moja.

Isipokuwa wa mwisho. Sitamtaja jina, nitamwita Afisa, maana alikuwa mtu mwema na bado yuko kazini. Alitoka mkoa wa mbali, kijana kuliko mimi, suti yake imepigwa pasi vizuri. Siku yake ya kwanza alikuwa na wageni. Nikaingia na sinia, nikamimina kwenye kikombe changu, nikanywa.

"Wewe mzee," alisema, "unaninywea chai mbele ya wageni wangu?"

"Naonja, mheshimiwa."

"Kaonje kwenu."

Wageni walipoondoka aliniita na kuniambia, bila kufoka, kwamba ni suala la usafi na nidhamu. Kuanzia siku hiyo chai iingie imefunikwa, niiweke mezani, nitoke. Nikasema sawa. Ningeweza kumweleza maana yake, angeelewa, lakini sikumweleza. Nilisusa.

Hapa nataka mnisome vizuri, maana ndipo kosa lilipozaliwa. Afisa alinikataza kuonja mbele ya wageni. Hakunikataza kuonja jikoni. Mimi kwa kisirani changu nikaamua kwamba kama kuonja ni uchafu, basi sionji kabisa, na tuone. Wiki zikapita, chai ikawa nzuri tu, maana mkono ulikuwa umezoea. Nikaanza kuamini kwamba mkono unatosha.

Kule Mabamba, karibu na mpaka, palikuwa na chemchemi ambayo vijiji viwili vilikuwa vikiichota tangu zamani. Serikali ilitaka kujenga tangi na kuvuta bomba. Chemchemi ilikuwa kwenye shamba la mama mmoja mjane, Bibi Anastazia, na bila ridhaa yake hakuna ambacho kingefanyika bila ugomvi. Alikuwa akihofia kwamba tangi likishajengwa patazungushiwa uzio na yeye ataambiwa aombe ruhusa ya kuchota maji ya kwao. Baada ya kubembelezwa sana alikubali kuja Kibondo kuzungumza, akaja na wazee kumi na tano wa kijijini kwake.

Kwa watu wengi hivyo birika halitoshi, nikatoa sufuria kubwa la ofisi. Sufuria hilo lilikuwa limerudi siku mbili nyuma kutoka msibani. Mlinzi wetu alifiwa na mama yake, na nyinyi mnajua, sufuria la ofisi likiwa kubwa ni la msiba wa kila mtu. Lilipikiwa maharage. Maharage yakashika chini, kina mama wakalitia magadi likalowekwa usiku kucha ili ukoko utoke, wakalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa kuliko lilivyonunuliwa. Lakini maji yalikuwa ya kubeba kichwani, na kulisuuza walilisuuza mara moja. Mimi nilipoliona linang'aa nilifurahi. Sikulinusa, sikulichemshia maji ya kumwaga, sikufanya lolote ambalo ningewafokea ninyi kwa kutolifanya.

Chai ilitoka nyeusi yenye ukungu, rangi ya maji yaliyolala kwenye pipa la chuma. Niliiona. Nikajiambia majani ni mapya, ni makali. Gari la wageni lilikuwa limeshaingia. Nikachuja, nikamimina kwenye chupa tatu, nikaingia nazo, nikawamiminia vikombeni.

Bibi Anastazia alikuwa amekaa mbele, kitenge kimefungwa mabegani. Alinisubiri. Wote walinisubiri, vikombe viko mbele yao vinatoa mvuke, na hakuna aliyenyanyua. Nikamtazama Afisa, naye alikuwa akifungua faili. Nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Wewe ni mwana wa wapi?" Bibi Anastazia aliniuliza.

"Rungwe Mpya, mama."

"Rungwe Mpya." Akanitazama muda mrefu. "Na hukuonja?"

Afisa aliinua kichwa, hakuelewa kinachoendelea. Mzee mmoja upande wa dirisha alikuwa ameshapeleka kikombe mdomoni, akakitoa haraka, akatema kwenye leso. Bibi Anastazia alisukuma kikombe chake katikati ya meza kwa kidole kimoja.

"Oya," alikataa kwa Kiha. "Tugende."

Wakaondoka wote. Nikabaki na vikombe kumi na sita vimejaa. Nikachukua kimoja nikanywa, nikapata ladha ya sabuni, na magadi chini yake. Nilijua palepale nini kilitokea na nani alikifanya.

Mji wa Kibondo si mkubwa. Kufikia jioni Perpetua alirudi kutoka sokoni na kapu lake nusu. Mama mmoja anayemuuzia mboga miaka yote alikuwa amemuuliza, "Mumeo bado anawapikia watu chai kule?" Jumapili nilipika chai ya baada ya misa kama kawaida. Mzee wa kanisa akaniambia ana vidonda vya tumbo. Mwingine naye. Kabla jua halijawa kali, wakristo saba walikuwa wamepata vidonda vya tumbo. Nilirudi nyumbani na masufuria yaliyojaa, nikakaa uani, na niliumia kuliko nilivyoumia siku nyingi za maisha yangu. Mtu anaweza kuitwa mvivu akapona. Kwetu mtu akishasemwa kwamba kikombe chake kina kitu, anazikwa na watu wachache.

Afisa alitaka barua ya kujieleza. Niliandika kwa mkono. Niliandika kwamba sufuria lilitoka msibani, lilioshwa kwa magadi, sikulikagua, na chai sikuionja. Nilikuwa na sentensi nyingine tayari, inayosema nilikatazwa na nani. Niliitazama kichwani siku nzima, ilikuwa sentensi tamu. Kisha nikaona kwamba haikuwa kweli yote, nikaiacha.

Aliisoma mbele yangu.

"Ungeonja ungejua?"

"Kwa tone moja, mheshimiwa."

"Na yule mama alikuuliza kuhusu kuonja."

"Ndiyo."

Alichezea kalamu. Ndipo nikamweleza, kwa mara ya kwanza, habari ya chungu na mwenye nyumba, jambo ambalo lingenichukua dakika mbili kulieleza siku ile ya kwanza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe nilikufukuza kwenye zamu yako," alisema. "Ungeniambia, mzee."

"Nilisusa."

"Umri wako wote huo?"

"Umri wangu wote huu."

Alhamisi iliyofuata tulikwenda Mabamba na gari, yeye, dereva na mimi. Nilibeba paketi mpya ya majani, haijafunguliwa, na chujio. Kingine chochote sikubeba, kwa makusudi. Nilitaka nipike kwa maji yake, kwa chombo chake, juu ya moto wake, macho yake yakiwa juu ya mikono yangu, halafu nionje. Nilikuwa nimeipanga hivyo njia nzima na niliona ni mpango mzuri.

Tulimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Mwakeye, mama," nilimsalimu.

"Mwakeye." Hakusimama. Aliwaonyesha wengine viti, mimi akaniacha nimesimama.

Nilimweleza yote nikiwa hivyohivyo, sufuria, maharage, magadi, kutokuonja. Nilisema ni kosa langu na si la ofisi. Alikuwa akiendelea kutoa mawe kwenye maharage. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Msiba ulikuwa wa nani?"

"Mama yake mlinzi wetu."

"Poleni." Akaweka ungo chini. "Sufuria la magadi halitakasiki kwa mchanga. Unalichemshia ndimu. Mkeo hakukwambia?"

"Sikumuuliza."

"Ndivyo mlivyo," alisema, akainuka kunionyesha mafiga.

Alinipa sufuria dogo. Nililichemshia maji nikayamwaga, yeye akitazama, kisha nikateka mengine kutoka kwenye ndoo iliyotoka chemchemi muda mfupi uliopita. Maji yale, ndugu zangu, yalikuwa meupe na mepesi, hayana harufu ya bomba wala udongo. Hakuwa na birika. Nilitumia jagi lake la bati, nikalipasha joto kwanza. Nilifungua paketi ya majani mbele yake na kumpa anuse. Alinusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Maji yalipochemka kwa nguvu nilimimina, nikafunika na sahani, nikazungushia kitambaa, nikaanza Salamu Maria kwa sauti ya chini.

"Unasali au unahesabu?" aliuliza.

"Vyote viwili."

Akaanza kusali pamoja nami. Afisa, ambaye si Mkatoliki, alivua kofia hata hivyo. Tulipofika kumi nikaendelea, akanitazama.

"Za huku juu," nilisema, "zinaongezwa tatu."

Nilichuja kwenye vikombe vyake. Chai ilitoka nyekundu, safi, unaona hadi chini ya kikombe. Nilijua ni nzuri kabla sijaigusa. Afisa aliniambia, na aliisema kwa sauti ili mama asikie, "Mzee Filibert, onja."

Nikachukua kikombe. Kabla hakijafika mdomoni, mkono wa mama ulikuwa juu ya wangu.

"Leta," alisema Bibi Anastazia.

"Mama, ngoja kwanza. Mimi ndiye napaswa—"

"Kwa nini wewe? Hapa ni kwako?"

Katika mpango wangu wote ule wa njiani sikuwa nimeliwaza hilo. Maji yake, sufuria lake, moto wake, ua wake. Anayeonja kwanza ni mwenye nyumba. Nilikuwa nimekuja kujitakasa, na badala yake nilimweka mjane mwenye shaka mahali ambapo ilimbidi anywe chai yangu kwanza, kwa ajili ya usalama wangu mimi mgeni. Nikataka kumwambia aache, kwamba si lazima, lakini kikombe hakikuwa tena mkononi mwangu.

Alikipuliza. Alinywa funda moja, akanitazama machoni, akameza nikiona koo lake. Akanywa la pili. La tatu alilishikilia mdomoni kidogo, kama mtu anayetafuta kitu. Siogopi kuwaandikia kwamba machozi yalinitoka.

Akanirudishia kikombe kilekile.

"Kunywa, mwana wanje," aliniambia, kwa Kiha mwanangu. "Ni nzuri."

Nilikunywa. Ilikuwa chai nzuri kuliko zote nilizowahi kupika, na nimepika nyingi. Bibi Anastazia alijifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, akamgeukia Afisa aliyekuwa bado ameshika kofia yake.

"Huyu bosi wako mmiminie na yeye," aliniambia. "Halafu tuteremke anionyeshe hilo tangi lenu anataka kulikalisha wapi."

Nikammiminia.